Hatukutani, Tunakaa Wote

Soweto, Mbeya
11 Machi 2024

Dada Bertha,

Salamu zangu zikukute umevaa koti zito, maana baridi ya Kilolo naijua, haina adabu. Huku mvua haikatiki, na nyumbani wote wako uani wanautafuta mwezi. Ukiandama leo, kesho tunaanza kufunga.

Nakuandikia kwa mkono na kuiweka barua ndani ya boksi la fomu za utafiti kama kawaida, kwa kuwa habari za washiriki haziruhusiwi kupita kwenye simu. Fomu zako zote za miezi sita zimenifikia. Wanawake mia moja na ishirini, na hakuna hata fomu moja iliyolowa. Nakupa hongera, dada yangu.

Mara ya mwisho uliniuliza kwa nini sihesabu tu wanawake na mimba nikamaliza. Ni hivi. Ukitaka kujua kama mwavuli unavuja, huhesabu siku ulizoubeba. Unahesabu siku ambazo mvua ilinyesha. Jeli yetu ya kuzuia mimba ndiyo mwavuli. Mwezi ambao mwanamke hakukutana na mumewe ni mwezi wa jua, hauniambii chochote, nautoa. Kutokana na miezi inayobaki ndipo napata jeli inashindwa mara ngapi, na kutokana na hiyo ndipo napanga utafiti mkubwa uchukue wanawake wangapi. Nikikosea hapa chini, kila kitu cha juu kinapinda.

Mimba zako ni saba. Tano ni za wanawake waliojibu "hapana" miezi yote kwenye swali la tisa: "Mwezi huu ulikutana na mumeo?" Kwa hiyo hizo tano siwezi kuitwika jeli. Zimetoka kwingine, na si kazi yetu kuuliza wapi. Nimeweka karatasi ya uhakiki yenye namba zao. Thibitisha, tia sahihi, nirudishie, nakala ibaki kwako.

Najua swali la tisa linakutoa jasho. Ndiyo maana nililiandika kwa staha. Daktari Ezekia, mkuu wetu, alitaka liandikwe waziwazi, nikamkatalia. Nilimwambia sisi tuna mama zetu. Nililijaribu hapa sebuleni kwa mama na shoga zake, wakaelewa wote, wakacheka na kujifunika kanga.

Mdogo wako,
Ruwaida Halfani, mtakwimu


Kilolo
20 Machi 2024

Mdogo wangu Ruwaida,

Bwana asifiwe, na nakutakia mfungo mwema. Sisi tuko kwenye Kwaresima, kwa hiyo tumbo langu na lako yanaelewana.

Nimetia sahihi zote tano. Nimerudia kuzitazama fomu, na majibu ni yale yale waliyoyasema kwa vinywa vyao. Sikuongeza wala sikupunguza.

Ila wanawake wa huku wanalicheka swali lako la tisa. Mmoja aliniambia, "Nesi, nikutane naye wapi tena? Hatukutani, tunakaa wote." Nikaandika hapana, maana ndivyo alivyosema. Mwingine, ambaye mume wake yuko Ruaha Mbuyuni kwenye vitunguu tangu Agosti, alijibu kwa furaha kabisa, "Ndiyo nesi, tulikutana Ilula siku ya mnada, akanipa vitunguu ndoo nzima." Nikaandika ndiyo. Nawe cheka kidogo, njaa ipungue.

Viazi vimekubali mwaka huu. Boksi lijalo nitakufungia kilo chache chini ya fomu, dereva asijue.

Dada yako,
Bertha Kalinga, muuguzi


Soweto, Mbeya
2 Aprili 2024

Dada Bertha,

Nimecheka mpaka mama akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Wanawake wa Kilolo wana maneno!

Hesabu imekaa vizuri kuliko nilivyoota. Mimba mbili katika miezi mia tano na arobaini. Ukiigeuza kuwa mwaka, ni wanne na kidogo kwa kila wanawake mia. Kwa jeli, hilo ni jambo la kutembea kifua mbele. Utafiti mkubwa utahitaji wanawake mia nne tu, na Daktari Ezekia amenisifu mbele ya kikao.

Fomu ya ridhaa ya utafiti mkubwa tayari iko kwa mchapaji. Nakutumia nakala za karatasi ya maelezo ubandike ukutani, watu waanze kuzoea: "Kati ya wanawake mia moja watakaotumia jeli hii mwaka mzima, takriban wanne wanaweza kupata mimba."

Viazi vimefika salama. Tumevifuturia.

Ruwaida


Kilolo
17 Aprili 2024

Ruwaida,

Salamu nitaziandika siku nyingine.

Najua hatutaji majina ya washiriki. Leo nataja, maana namba haifukuzwi nyumbani, mtu ndiye hufukuzwa. Mshiriki 0117 anaitwa Juliana. Ana miaka ishirini na sita, ana mtoto mmoja wa miaka minne na mimba ya miezi mitatu. Ni mmoja wa wale watano wako.

Ijumaa mume wake, Didas, alikuja zahanati kumchukulia vidonge vya kuongeza damu. Alikuwa na kadi ya Juliana mkononi, na kadi ina namba. Nakala ya karatasi yako ya uhakiki ilikuwa mezani. Akaisoma: "0117. Hakukutana na mume. Mimba haihesabiki." Akainua macho, akaisoma na ile ya ukutani, ya wanne kwa mia.

Akasema, "Nesi, hii dawa nimeikubali mwenyewe, tumeitumia pamoja. Wataalamu wanasema haishindwi. Sasa mke wangu amekuambia hajakutana na mimi, na mimba anayo. Si ina maana imeingia siku ambayo dawa haikuwepo? Ni ya nani?"

Kabla ya saa kumi Juliana alikuwa barabarani na begi la nguo, anarudi kwao Ruaha Mbuyuni. Mtoto amezuiliwa. Wanawake waliokuwa wanagema ulanzi, pombe ya mianzi, pale jirani walisimama wakamtazama akipita.

Ruwaida, hapa kuna kitu hakiko sawa. Mimi nawaona hawa wawili. Wanalima shamba moja na wanarudi nyumba moja kila siku ya Mungu. Andika barua yenye muhuri, useme ni kosa la mashine. Mashine haina uso wa kuonea aibu.

Bertha


Soweto, Mbeya
25 Aprili 2024

Dada Bertha,

Siwezi kuandika kuwa ni mashine. Mashine ilijumlisha nilichoipa.

Nimeitoa barua yako ya tarehe ishirini Machi nikaisoma tena. "Hatukutani, tunakaa wote." Kumbe huyo mama hakuwa anatania. Alikuwa anajibu. Mtu anakutana na mgeni, anakutana na aliyesafiri, anakutana na mtu njiani. Anayekaa naye nyumba moja anakutana naye vipi? Na yule wa vitunguu alikutana na mumewe kweli, mnadani, mchana, mbele ya watu. Miezi ya mvua nimeitupa na miezi ya jua nimeihesabu.

Mama yangu na shoga zake walielewa kwa sababu ni watu wa mwambao waliohamia huku. Kwao neno hilo lina pazia, na wanajua kilicho nyuma yake. Sikufikiri kwamba kwa Mhehe wa Kilolo aliyejifunza Kiswahili shuleni neno ni neno.

Lakini dada, na mimi nina la kuuliza. Kijitabu cha maelekezo, ukurasa wa sita, kinasema kila mshiriki aelezwe kwanza: "kukutana, yaani kulala pamoja kama mke na mume." Uliwaeleza? Na karatasi yenye siri ya mtu ilikaaje mezani tangu Machi mpaka Aprili? Sikulaumu. Nauliza tu.

Tafadhali waulize upya wote mia na ishirini, kwa maneno ya ukurasa wa sita. Bandua ile karatasi ya ukutani leo hii.

Ruwaida


Kilolo
13 Mei 2024

Ruwaida,

Umeandika kwamba hunilaumu. Unanilaumu, na una haki.

Sikumweleza hata mmoja. Chumba changu hakina mlango, kina pazia, na nje ya pazia kuna benchi la wagonjwa, wanaume kwa wanawake. Mshiriki wa kwanza kabisa, siku ya kwanza, alikuwa mke wa mchungaji wetu. Mimi naimba kwaya, yeye hukaa kiti cha mbele ananitazama mdomoni. Nilifungua kijitabu ukurasa wa sita, nikayaona yale maneno, nikakifunga. Nikamuuliza tu, "Ulikutana?" Akasema, "Hapana, tunakaa wote." Nilimshukuru Mungu nikaandika. Baada ya huyo, kutoeleza kukawa rahisi. Nilijua maana ya swali na nilijua hawakuijua, lakini nilijipa moyo kwamba wakubwa wa Mbeya watapanga wenyewe. Nilipokuandikia ule utani nilikuwa nakutupia mzigo, mdogo wangu. Nilitaka uugundue wewe ili nisiuseme mimi.

Karatasi niliiacha mezani nikaenda nyuma kula viazi, na niliporudi Didas alikuwa ameshaiinamia. Sina maneno mazuri ya kulipamba hilo.

Lipo jingine, na hili ndilo linaloninyima raha. Nilikuandikia kwamba Didas aliniita nesi. Hakuniita nesi. Aliniita shemeji. Ni mdogo wa Anord, marehemu mume wangu. Aliniita shemeji, akaweka kidole kwenye karatasi, akauliza, "Shemeji, hii haihesabiki maana yake nini? Mtoto wangu hahesabiki?" Wala hakuwa na hasira bado. Alikuwa anauliza kama mtu anayetaka kuelezwa. Ningemwambia pale pale kwamba swali ni baya, mke wake hakuelewa. Lakini ningelazimika kutamka mambo ya chumbani kwake, mimi mke wa kaka yake, na watu wako kwenye benchi. Nikainamisha kichwa nikazipanga chupa ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Akangoja kidogo, akayasema yale niliyokuandikia Aprili, halafu akaondoka. Kunyamaza kwangu ndiko kulikomfukuza Juliana, kuliko hata karatasi yako.

Nimewauliza upya wote isipokuwa mmoja. Safari hii niliwapeleka nyuma ya zahanati penye miti ya misindano, nikawasomea ukurasa wa sita neno kwa neno. Wengine walicheka, mmoja alinipiga kofi la begani. Wale wanne wenye mimba wote wanalala na waume zao, kama watu wote. Fomu mpya mia na kumi na tisa ziko humu.

Kwa huyo mmoja nilipanda gari nikaenda Ruaha Mbuyuni. Baba yake alinipa kigoda juani, katikati ya magunia ya vitunguu, na jua la kule unalijua. Juliana hakutoka. Alisema kutokea ndani, "Mwambie aliyeliandika swali alieleze yeye. Mimi nilishajibu."

Bertha


Soweto, Mbeya
22 Mei 2024

Dada Bertha,

Umejivua mbele yangu, na mimi sitabaki nimejifunika.

Utani wako ulinifikia. Barua ile ya Machi ninayo, na chini ya maneno "tunakaa wote" kuna mstari wa penseli. Niliupiga mimi, siku ile ile, kabla sijacheka. Kuna kitu kilinigusa kikaniambia simama hapa. Nikaitazama ile nne kwa mia, nikaona ilivyo nzuri, na kikao kilikuwa Jumatatu. Nikafunua ukurasa. Halafu nikakuandikia kwamba nimecheka. Kwa hiyo usibebe peke yako, na usiseme hukuniambia. Uliniambia, nikajifanya sijasikia.

Na ile staha niliyojisifia haikuwa kwa ajili ya mama za watu. Wakati naandika maswali nilikuwa nafanya kazi nyumbani, kwenye meza ya baba, pembeni ya vitambaa vyake vya duka. Niliogopa baba akisogeza vitambaa aone binti yake ameandika nini. Wanawake mia na ishirini wameulizwa swali lililoandikwa ili Mzee Halfani asilisome. Jana nimemwambia yote. Alikunja kitambaa, halafu akasema, "Mimi nimezaa watoto sita, Ruwaida. Ulidhani sijui?" Sijawahi kuona aibu kama ile, wala sijawahi kuona aibu ya kijinga kama ile.

Hesabu mpya ni hii: mimba saba katika miezi mia tano na nne, nikiwa nimemweka Juliana kwa yale uliyoyaona kwa macho yako mpaka ajibu mwenyewe. Kwa mwaka ni kama kumi na saba kwa kila mia. Si wanne. Utafiti mkubwa hauwezi kuwa wa wanawake mia nne. Kwa usahihi ule ule wa makadirio unahitaji zaidi ya elfu moja na mia sita, na kila mmoja aambiwe kumi na saba kabla hajatia dole gumba. Fikiria wale mia nne ambao ningewapa ile karatasi ya wanne. Fikiria wangekuwa na akina Didas wangapi.

Nimemwandikia Daktari Ezekia kurasa tatu na nimezisoma kikaoni kwa mdomo wangu. Fomu za ridhaa zimechomwa. Upangaji wa sampuli amepewa mwenzangu, Peter. Mimi sasa naingiza fomu kwenye kompyuta, dawati la mlangoni, na kila anayepita ananipa pole kwa sauti ya msibani. Nastahili.

Humu kuna barua ya Didas. Usimpe kwanza. Muulize Juliana kama anaridhia ifunguliwe, na isomwe mbele ya nani. Safari hii yeye ndiye aseme.

Ruwaida


Soweto, Mbeya
22 Mei 2024

Ndugu Didas,

Mimi hunijui, nami sikujui, lakini nimeingia chumbani kwako bila kupiga hodi, na nimekuja kuomba radhi.

Nilitaka kujua kama mke wako alilala na wewe kama mke na mume, mwezi kwa mwezi. Niliona aibu kuliandika hivyo. Nikaandika "ulikutana na mumeo?" Mke wako akajibu hapana, kwa sababu mtu hakutani na anayekaa naye. Alisema kweli. Uongo ulikuwa kwenye swali.

Karatasi uliyoisoma inasema mimba haihesabiki. Hilo ni neno la hesabu zangu, halimhusu mtoto wako. Nami sasa nimemhesabu. Ni mmoja wa saba.

Karatasi ya ukutani nayo ilikosea, na niliiandika mimi. Nilisema jeli itashindwa kwa wanne kati ya mia. Ni kumi na saba. Mlitumia jeli mkiwa pamoja, na jeli ikashindwa. Juliana hakushindwa kitu. Alikubali kutusaidia ili wanawake wengine wapate kujua, na malipo yake yakawa kufukuzwa.

Nesi Bertha aliandika alichoambiwa. Kama unatafuta wa kumkasirikia, jina langu liko hapa chini, na ofisi iko Mbeya, nitakuja ukiniita.

Ruwaida Halfani


Kilolo
1 Julai 2024

Mdogo wangu Ruwaida,

Leo salamu zipo, na koti nimevaa mawili.

Barua yako niliipeleka Ruaha Mbuyuni. Juliana aliisoma mwenyewe mlangoni, mara mbili. Akasema, "Isomwe. Ila uisome wewe, dada Bertha, kwa sauti, pale pale nyumbani, na benchi lote liwepo." Nilielewa anamaanisha nini. Nilimwambia sawa.

Tulikaa Jumapili ya tarehe mbili Juni baada ya ibada, uani kwa Didas. Baba mkwe wangu, Mzee Aroni, alikuwepo, na mke wa mchungaji, na majirani waliomtazama akipita na begi. Nilianza vizuri. Nilipofika penye "alilala na wewe" nilikwama. Niliona viatu vya baba mkwe mbele yangu nikatamani ardhi inipokee. Mzee akasema, "Soma, mama. Mficha uchi hazai." Watu wakacheka, na kicheko kile kilinisaidia. Nikasoma mpaka mwisho. Halafu nikasema ambayo hukuandika: kwamba Didas aliniuliza, nilijua jibu, na nilinyamaza.

Didas alivua kofia akaishika magotini. Mke wa mchungaji ndiye aliyeongea, akasema, "Hata mimi nilijibu hapana. Mbona mchungaji hajanifukuza?" Hapo hakucheka mtu.

Kesho yake Didas alishuka Ruaha Mbuyuni. Nasikia baba mkwe wake alimpa kigoda kile kile nilichokalia mimi, juani, na alikikalia tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Tarehe tano Juliana alirudi, na mtoto akamkimbilia mpaka akaanguka. Kwa hiyo yameisha, Ruwaida. Tumuachie Mungu sifa. Nami nimeweka mlango kwenye chumba changu, wa mbao, unafungwa kwa komeo.

Juliana ameniletea bahasha aliyoifunga mwenyewe kwa gundi. Amesema ni fomu yake pamoja na barua, uifungue wewe. Sijui ameandika nini, na safari hii sikutaka kujua.

Dada yako,
Bertha


Kilolo
30 Juni 2024

Dada Ruwaida,

Kamwene. Huku ndivyo tunavyosalimiana, na anayesalimiwa hujibu hivyo hivyo, kwa hiyo nitahesabu kwamba umeitika.

Mimi ndiye 0117. Barua yako kwa Didas niliipenda kwa sababu haikuzunguka. Dada Bertha aliisoma akitokwa jasho, nami nilimwacha limtoke. Nilimsamehe siku ile ile. Wewe nimekusamehe pia, ila imechukua muda kidogo, kwa sababu sikuuona uso wako.

Umeomba nijibu upya kwa maneno ya ukurasa wa sita. Septemba, ndiyo. Oktoba, ndiyo. Novemba, ndiyo. Desemba, ndiyo. Januari, ndiyo, na jeli niliipaka kama nilivyofundishwa, usije ukadhani nilisahau. Februari, ndiyo. Andika zote. Sikuwa na cha kuficha hata wakati ule, hamkuniuliza tu.

Mtoto anacheza tumboni. Didas amenunua kitanda kipya na amenitengenezea jiko la kuni lisilo na moshi. Watu wanasema nina bahati, mwanaume kuja kukaa juani namna ile. Mama mkwe ananiambia nisahau. Mimi chakula napika, shambani naenda naye, maji ya kuoga namwekea. Yeye anaongea na mimi polepole kama mtu anayebeba mayai. Lakini kila nikimtazama naiona ile siku. Aliisoma karatasi ya watu wa Mbeya akaiamini kabla hajaniuliza mimi niliyekuwa namsubiri nyumbani, umbali wa kutembea dakika kumi.

Kwenye fomu yako nimechora mstari mmoja chini, nikaongeza mwezi ambao hukuuliza. Dada Bertha anasema lile swali la zamani mmelifuta. Kwangu msilifute, sasa nalielewa vizuri kuliko lile jipya.

Juni: hapana. Tunakaa wote, hatukutani.

Juliana